Mguu wa Kushoto wa Mzee Mustafa

Magarama, Gitega
Jumapili, 9 Februari 2025

Mpendwa kaka Hamissi,

Assalaam aleikum. Natumaini barua hii inakukuta wewe, wifi na Raissa mkiwa wazima huko Lusaka. Desemba uliniambia goti linakusumbua unapopanda ngazi za duka. Je, dawa zimesaidia, au bado unapanda kwa kushika ukuta? Na Raissa, mtihani wake umekwendaje?

Sisi huku hatujambo. Mama yako, Mama Amisa, ameanza kuona vizuri tangu apasuliwe jicho la kulia, na sasa anatunga uzi kwenye sindano bila kumwita mtu. Mimi nina kikohozi cha vumbi, kitakwisha mvua zikishika. Sukari imerudi madukani. Mafuta ya gari bado: nilikaa siku mbili kituoni nikingoja usafiri wa kwenda Muyinga, na nilifika kwenye arobaini ya mdogo wako Sudi shughuli ikiwa imebakiza saa moja kuanza.

Katika barua yako umeniuliza mambo mawili. La kwanza, Sudi aliichukuaje karakana ya sufuria ya baba yenu, maana umesikia hadithi tatu na Raissa anataka kujua ipi ni ya kweli. La pili, kama sasa tuuze kiwanja chake, kwa kuwa Sudi hayupo, amebaki bintiye Mwajuma, na, kwa maneno yako, mwanamke hawezi kumimina. Nitajibu kwa mpangilio huo. Kwa ajili ya Raissa nitaeleza hata yale unayoyajua.

Hadithi tatu kwanza. Sudi hakuota ndoto baba yake akimfundisha. Hakuleta fundi wa siri kutoka Uvira. Wala hakukuta daftari chini ya godoro. Mjomba Mustafa, baba yenu, hakuwahi kuandika chochote zaidi ya jina lake. Nilikuwepo siku zote mbili zilizoamua jambo hili, na niliandika nilichokiona jioni ile ile.

Raissa, babu yako alisubu sufuria Muyinga kwa miaka thelathini na minane. Watu walimletea alumini chakavu, yaani pistoni za magari, vifuniko, sufuria zilizotoboka. Aliiyeyusha, akaimimina kwenye kalibu ya mchanga, ikatoka sufuria mpya. Kazi zote aliwagawia wengine isipokuwa kumimina. Saa hiyo ikifika aliwatoa watu wote nje, hata baba yako aliyefanya naye kazi miaka kumi na mmoja. Alibaki Kastori peke yake, mvuta mivukuto ya kupulizia moto, na Kastori kwa kazi yake hukaa ameupa moto mgongo.

Sudi aliona kwa sababu alikuwa mdogo na mkaidi. Alipanda juu ya magunia ya makaa akachungulia. Kisha wakati wa chakula cha mchana alituigizia baba yake, tangu kuingia mpaka kutoka. Kaka, wewe ndiye uliyecheka kuliko sote. Siku moja ulipaliwa na wali, ikabidi upigwe mgongoni.

Alipofika miaka ishirini alikuja Gitega. Alisherehesha harusi, akatangaza mechi, akachekesha watu kwenye sikukuu. Wakamwita Mosyo Sudi, yaani Bwana Sudi. Igizo lililompa jina lilikuwa hilo hilo la mchana, nalo aliliita "Papa na Moto". Nililiona mara nyingi, basi nalieleza kama lilivyokuwa.

Anaingia akivuta mguu wa kushoto, ule wa mjomba ulioungua mwaka 1987. Anafinya konzi ya mchanga, anauvunja katikati, anakagua palipovunjika, kisha anaugombeza: "Bado unalia? Kaa juani!" Anauzunguka moto mara tano, na kila mzunguko anamsema jirani mmoja kwa jina na kwa makosa yake yote. Anatupa kipande cha jani kavu la mgomba ndani ya chungu cha kuyeyushia. Jani linawaka, naye anafoka akichanganya Kifaransa: "Umenikasirikia? Bon, nangoja." Anatupa la pili, la tatu, mpaka jani libadilike rangi bila kuwaka. Ndipo anavuta pumzi, anajaza mashavu, anamimina, wala hapumui mpaka amalize. Mwisho anaipa kalibu mgongo, anakaa, analalamikia barabara ya Muyinga hadi Gitega shimo kwa shimo, akipita Buhiga, akipita Karuzi. Akifika Gitega anainuka kuvunja mchanga.

Jukwaani hapakuwa na moto wala mchanga. Palikuwa na beseni tupu. Igizo lilichukua dakika ishirini na mbili, na wenye harusi walimwomba kila mara alifupishe ili watu wale. Jibu lake lilikuwa moja: "Papa hafupishwi."

Mwaka 2004 alilicheza Muyinga kwenye harusi ya jirani, mjomba mwenyewe akiwa mstari wa pili. Watu walicheka mpaka wakalia. Mjomba aliinuka kabla chakula hakijaja. Alisema sentensi moja mlangoni, "Mi siyo kichekesho cha watu," na tangu siku hiyo Sudi hakukanyaga karakana. Miaka kumi na miwili. Mwanawe Mwajuma alikuwa na miaka mitano, na hakumwona tena babu yake.

Mjomba alifariki ghafla tarehe 2 Machi 2016. Wiki moja kabla, alikuwa amepokea kazi kutoka kwa Anisia wa Butihinda. Anisia alikulia kambini Tanzania, akarudi mwaka 2012 pamoja na majirani zake. Alileta sufuria ndogo kumi na mbili za kaya kumi na mbili, zile walizopikia kambini miaka yote. Walitaka ziyeyushwe ziwe sufuria moja kubwa ya ushirika wao, ya kupikia siku wanazolimiana mashamba.

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi, kwa hiyo nayaandika kwa kifupi. Ulijaribu kumimina mara tisa. Nne zilitoboka, tano zilipasuka. Katika nane za kwanza mlikuwa na alumini ya Anisia, nayo haikuwezekana tena kurudishwa ilivyokuwa. Uliitisha kikao, ukasema kiwanja kiuzwe na watu wa Butihinda wanunuliwe sufuria ya dukani. Tarehe 7 Aprili ulipanda lori la Lusaka. Arobaini ya baba yako ilikuwa tarehe 10.

Siku hiyo ya arobaini Anisia alikuja. Alikuwa hajaambiwa kuhusu alumini yake. Alipitia karakana, akaona vipande vya alumini vimerundikwa ukutani, akavitazama kwa muda, kisha akaja kuketi na sisi uani. Sudi alikuwepo, amekaa karibu na lango kama mgeni.

Baada ya dua na chakula Anisia aliuliza.

"Jamani, mtani wa marehemu hapa ni nani?"

Huku kwetu hatuna hilo.

"Kule nilikokulia, siku kama hii mtani angeshavaa koti la marehemu. Angeshatembea kama yeye, kakohoa kama yeye, watu wakacheka, mzigo ukapungua. Nyie mmekaa kama mnangoja basi."

Wazee wawili walikunja uso. Mama Amisa hakukunja. Aliinuka, akaingia ndani, akatoka na koti la kazi la mumewe.

"Iko mmoja tu anajua kutembea kama yeye," alisema. "Sudi, simama."

Sudi alikataa mara moja, na ilikuwa mara ya kwanza nimsikie akikataa kuchekesha. Mama yako alimrushia koti. Akalivaa. Akaanza kuvuta mguu wa kushoto kutoka langoni, na kabla hajafika katikati ya ua wale wazee wawili walikuwa wa kwanza kucheka.

Alifika kwenye jani. "Umenikasirikia? Bon, nangoja." Akatupa la pili. Akatupa la tatu.

"Simama!"

Alikuwa Kastori. Alikuwa amesimama kwenye mkeka na viatu mkononi.

"Rudia pale kwa jani."

"Mzee Kastori, si tuko tunacheka tu?"

"Utacheka baadaye. Miaka makumi mbili na tatu mi niko na mgongo kwa moto. Jani sijaonaka. Lakini maneno haya, na vile ananyamaza kati yake, nayajua. Baada ya 'nangoja' ya mwisho ndiyo nasikia chuma inamwagika. Kila siku. Mi nilifikiri ni hasira yake tu."

Sudi alirudia. Kastori aligeuka akaupa ua mgongo, akasikiliza hivyo hivyo alivyozoea, akawa anaitikia kwa kichwa. Hapo ndipo tulipoelewa. Mchanga "unaolia" ni mchanga wenye maji, na ukimiminiwa alumini ya moto mvuke hutoboa sufuria. Majirani watano ni muda wa taka kupanda juu. Jani linalowaka ni moto uliopita kiasi. Pumzi moja ni kumimina bila kusita, maana ukisita sufuria hupata mshono na hupasukia hapo. Barabara ya Gitega ni muda wa kupoa.

Sudi aliketi chini akiwa bado na koti. "Mi hata sikujua," alisema. "Nilikuwa nachekesha."

Hapa niseme kosa lako, kaka, kwa sababu umeniuliza wazi na mimi sijui kujibu vingine. Mikono yako ilikuwa sawa. Wewe ulidhani manung'uniko ya baba yako yalikuwa hasira, na kwamba hasira hiyo ilikuwa juu yako. Ulipobaki peke yako ukaitoa hasira, ukabaki na kazi tupu. Ukamimina bila kungoja taka zipande wala moto upungue, ukavunja mchanga mapema. Sisi sote tulidhani hivyo hivyo, pamoja na Sudi aliyeliigiza jambo hilo maisha yake yote.

Sudi alimimina Alhamisi, tarehe 14 Aprili, saa nne asubuhi. Kastori aliwasha moto na kuanza kuwatoa watu nje kama desturi ya karakana. Sudi akamzuia.

"Usiwatoe. Mi bila watu siwezi."

Lango lilifunguliwa. Nilihesabu watu arobaini na watatu, na watoto juu ya ukuta. Anisia alikuwa mbele kabisa, ameketi juu ya tofali, mikono kwenye magoti. Nyuma yake walikuwa wawakilishi wa kaya nne.

Mchanga wa kwanza ulilia. Sudi akaugombeza, akaubadilisha. Akazunguka moto. Jirani wa tatu kusemwa alikuwa mwenyewe amesimama pale, Audax, muuza mbao.

"Hilo la mbuzi si kweli!" Audax alipiga kelele.

"Kweli ama uongo," Sudi alijibu bila kugeuka, "chuma inataka dakika zake. Nisimalize?"

Jani la kwanza liliwaka. La pili likawaka. La tatu likawaka pia, na watu wakaacha kucheka, kwa sababu igizoni huwa ni matatu. Sudi alisubiri. Akatupa la nne. Lilijikunja, likawa la kahawia, halikuwaka. Akavuta pumzi, mashavu yakajaa, akamimina. Nilitazama saa: sekunde kumi na tisa. Alipopumua, watu wote pale walipumua pamoja naye.

Akaipa kalibu mgongo akaanza barabara. Kabla ya Karuzi mtu mmoja akaita, "Vunja, tuone!"

"Hatujafika," Sudi alisema. "We ukishuka hapa utatembea kwa mguu."

Alipofika Gitega aliinuka akauvunja mchanga. Sufuria ilitoka nzima. Kastori aliizunguka mara mbili akitafuta ufa, kisha akaigonga kwa ufunguo wa kufuli. Ililia sauti moja ndefu, bila mkwaruzo. Mama Amisa alianza vigelegele, na wanawake wa Butihinda wakaitikia kwa impundu zao. Anisia hakupiga kigelegele. Aliingiza kichwa chote ndani ya sufuria ikiwa bado ina uvuguvugu, akataja majina kumi na mawili ya kaya moja baada ya jingine, akatoka na majivu kwenye paji la uso.

"Wote wamo," alisema.

Kastori alikuwa akifunga mivukuto. "Mzee angekasirika," alimwambia Sudi.

"Akasirike. Sufuria iko nzima."

Tangu siku hiyo alimimina kwa miaka minane na miezi minane. Hakuacha kuchekesha, aliunganisha. Siku za soko Muyinga watu walikuja na alumini yao ili waone igizo, na wakaondoka na sufuria. Orodha ya majirani wa kusemwa ilibidi ibadilishwe kila mwezi, kwa sababu watu walikuja kuomba wasemwe. Sufuria zake nimezikuta Buhinyuza kwenye msiba, Bukirasazi kwenye ubatizo, na hapa Gitega nyuma ya jengo ambamo mawaziri walikuwa wakila. Mwaka 2022 alimimina kwenye uwanja wa maonyesho Gitega mbele ya watu nisioweza kuwahesabu, na mimi huhesabu. Katika miaka yote hiyo sufuria zilizoharibika zilikuwa kumi na moja. Kastori ana kumbukumbu ya kila moja na sababu yake.

Alifariki Jumamosi tarehe 28 Desemba, baada ya swala ya alasiri, nyumbani. Ilikuwa shinikizo la damu. Asubuhi yake alikuwa amemimina sufuria mbili, zote nzima. Sina zaidi ya kusema juu ya hilo.

Sasa swali lako la pili. Mwajuma ana miaka ishirini na sita. Amefanya kazi na baba yake miaka sita, lakini kumimina hakuwahi mbele ya watu. Ulipoandika kwamba mwanamke hawezi, wapo na kule Muyinga waliosema hivyo, na mmoja alishakuja kupima kiwanja kwa hatua. Mwajuma hakubishana nao. Alitangaza kwamba Alhamisi, siku moja baada ya arobaini, atamimina, na lango litakuwa wazi. Sufuria ikipasuka, alisema, mpimaji arudi na kamba.

Nililala Muyinga ili nione. Mpimaji alikuja, na kamba alikuja nayo.

Kwenye mlango wa karakana kulikuwa na bonge la alumini, lenye umbo la sufuria iliyobonyea upande mmoja. Utalikumbuka. Ni jaribio lako la tisa, la alumini yako mwenyewe, la mwisho kabla hujapanda lori. Zile nane Sudi aliziyeyusha zote kwa ajili ya Anisia, hilo hakuligusa. Lilikuwa kiti chake. Mtu akitaka kulitupa kwenye chungu alimwambia, "Hiyo ni ya kaka. Iache." Mwajuma alilibeba mwenyewe asubuhi ile akaliweka juu ya moto.

Halafu akaingia akivuta mguu wa kushoto. Ni mguu wa mtu ambaye hakumwona tangu akiwa na miaka mitano. Alimwigiza babu kama Sudi alivyomwigiza, na juu yake akaongeza kitu ambacho Sudi hakujua anacho: kila baada ya jani, baba yake alikuwa akiwatupia watu jicho kuona kama wanacheka. Mwajuma alitupa jicho hilo hilo. Uwanja mzima ulimtambua Sudi mara moja. Wapo waliocheka na wapo waliojifunika uso, na Mama Amisa alifanya yote mawili.

Majirani walikuwa wanne. Wa tano alikuwa mpimaji wa kiwanja. Alisemwa hatua kwa hatua, na kila hatua ilikuwa fupi kuliko iliyotangulia. Jani la tano ndilo lililojikunja. Pumzi yake ilichukua sekunde ishirini na moja. Barabara ya Gitega alikwenda nayo polepole, maana sasa mashimo ni mengi zaidi.

Uthmani anakuja Lusaka na lori lake Ijumaa. Pamoja na barua hii anakuletea mzigo uliofungwa kwa gunia. Ni sufuria ya lita nane. Hakuna tundu wala mshono. Kastori ameikagua, na mimi nimeikagua baada yake. Ni alumini yako yote ya jaribio la tisa, haikuongezwa kitu. Igonge kwa ufunguo, umpe Raissa asikilize. Ukishasikia, niandikie kama bado unataka kiwanja kiuzwe. Mpimaji amekwisha kwenda; kamba ameisahau kule karakanani, na Mwajuma anaanikia nguo.

Mama Amisa anakubusu kwenye paji la uso na anasema upumzishe goti. Mwajuma anamsalimia baba mkubwa na anamwomba Raissa amtumie urefu wa mguu wake, anataka kumshonea viatu vya karakana kwa siku atakayokuja. Kastori anakusalimu. Anasema mivukuto iko na nafasi kwa mtu mwenye goti bovu, kazi yake ni ya kukaa. Mwambie wifi kwamba sijasahau vitambaa vyake.

Mwenyezi Mungu amrehemu Sudi na amrehemu mjomba, awape ninyi afya, na safari yenu ya kuja huku aifanye fupi.

Ni mimi dada yako mpenzi, binti wa shangazi yako,

Salima